Ndege Yenye Mabirika

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa! Nimeamua kuandika kila kitu, ili nikija kuwa maarufu watu wasipotoshe habari zangu.

Taban ameingia leo mchana kwa Mama Benedicte, amepakaa oili mpaka masikioni. Taban ni fundi kwenye kiwanja kidogo cha ndege, upande wa barabara ya Entebbe. Bosi wake, mzee mmoja wa Nairobi, amemaliza kufufua ndege ya zamani, Auster ya mwaka 1946. Jumapili ataizungusha juu ya ziwa na kurudi. Ana kiti kimoja cha mgeni. Bure! Taban amekiomba kwa ajili yetu, na kitapewa bingwa wa mchezo wetu.

Mchezo wenyewe unaitwa Ndege Gani Hii. Tunaucheza kila Jumamosi hapa Kyebando, Kampala, kwenye mkahawa wa Mama Benedicte, sahani zikishaondolewa. Mtu analeta picha ya ndege kuukuu ambayo watu wengi hawaijui, jina limekatwa kwa mkasi. Anayejibu lazima aseme mambo matatu: jina, mwaka, na alikutana nayo wapi. Mlengwa akishindwa, yeyote aliyepo anaruhusiwa kujaribu. Hilo la kukutana nayo tumeliongeza sisi wenyewe. Nusu yetu ni Wakongomani, na kwetu mashariki mwa Kongo barabara ikiharibika ndege kuukuu ndiyo basi letu. Nusu nyingine ni watu wa kambini, familia za askari kutoka kaskazini, waliokua wakiangalia ndege za jeshi badala ya kufua nguo. Tunaelewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mwamuzi ni Mama Benedicte. Ukikamatwa unadanganya, umetoka.

Nani anaongoza? Mimi! Mimi na Afande Odur, tuko sawa kwa pointi. Jumamosi hii ni fainali. Kila mmoja ataleta picha moja ya kumtega mwenzake.

Huyu Odur ni mstaafu wa jeshi. Kifua mbele, sauti ya gwaride. Hakuna ndege ambayo hajaipanda. Wiki jana nilileta Miles Gemini, ndege ndogo ya Kiingereza yenye mikia miwili. Akataja jina na mwaka, halafu akasema aliwahi kusinzia ndani yake. Hakuna aliyeweza kumpinga. Unampingaje mtu kwamba hakusinzia?

Sasa siri. Mimi, Guerschom, muuza vitenge wa soko la Owino, mtaalamu wa ndege za dunia nzima, sijawahi kupanda ndege. Hata moja! Kule Butembo mjomba wangu alikuwa anapeleka maharage Kisangani kwa ndege. Nilipakia mimi. Maharage yakapanda. Mbuzi wa mchungaji akapanda. Mlango ukafungwa, nikabaki na vumbi machoni. Kampala nilikuja kwa lori la mbao kupitia mpaka wa Kasindi. Lakini Mama Benedicte nimemwambia kwamba nimeruka sana, mpaka mawingu yananichosha. Aliniangalia kwa macho fulani hivi. Basi nikaendelea.

Hicho kiti ni changu. Lazima!

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza umefaulu. Mimi ni hatari.

Mke wa Odur, Mama Rosalba, amepita Owino kutafuta nguo ya harusi ya mpwa wake. Bahati gani! Nimemkalisha kwenye kibao, nimemtandikia vitambaa, nimemsifia shingo. Amependa kimoja: cha njano, chenye mabirika makubwa ya bluu, yanayotoa mvuke. Sisi wauza vitenge tunajua kwamba kitambaa kisicho na jina hakitoki. Wanawake hawanunui rangi, wananunua neno. Hicho nimekipa jina mimi mwenyewe: Mgeni Hajaaga. Amecheka mpaka ameshika mbavu. Akasema jina hilo ni la shemeji yake aliyekuja Krismasi na bado yupo.

Nikamwambia ni chake, yadi sita, zawadi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa upendo wa jirani. Akaniuliza tena. Ikabidi niseme ukweli: nataka kujua ndege ambayo Afande amekuwa akiitajataja wiki hii.

Amefikiri kidogo. Akasema mume wake anapooga huwa anaimba majina ya ndege, na wiki hii anaimba Twin Pioneer, Twin Pioneer, mpaka maji yanakwisha.

Twin Pioneer! Ya Waskoti, 1955, mikia mitatu. Naijua! Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi, akachukua yadi zake akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani. Mimi nimebaki na kipande cha mwisho wa jora, mkono mmoja hivi na ziada. Nimekiweka chini ya meza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamka na hofu. Picha ya Odur naijua, sawa. Lakini yangu je? Nimletee nini asichokijua? Nimepitia zote. Percival Prince anaijua. Carvair, ile yenye paji kubwa la uso, anaijua sana. Potez ya Wafaransa atasema alisinzia humo pia.

Saa ya chai nikashtuka nikamwaga kikombe. Ndege pekee ambayo Odur haijui ni ile ambayo haipo!

Kwa nini hakuna aliyewaza hivi kabla yangu? Nimefunga kibanda mapema. Nimekusanya vifaa: mbavu za mwavuli uliovunjika kwa ajili ya mabawa, fito za kiunzi, waya. Magurudumu ni vifuniko vya soda. Injini ni chujio la chai. Rubani ni kibanio cha nguo, nimemvisha kofia ya uzi. Ndege za zamani zilivikwa kitambaa, hilo kila mwanachama analijua, kwa hiyo na yangu nayo lazima ivikwe. Nikainama chini ya meza. Kipande cha jora kile pale! Mungu hamwachi mtu wake.

Nimekigeuza ndani nje ili michoro ififie. Ukweli ni kwamba hakikufifia sana. Hiki ni kitenge kizuri, pande zote mbili sawa, na kila siku nawaapia wateja hivyo hivyo. Leo imenikera kidogo. Nikapaka rangi ya kijivu iliyobaki baada ya kupaka geti la mwenye nyumba, nimeichanganya na maji mengi maana ilikuwa kidogo. Mabirika yamebaki kama madoa. Safi kabisa! Ndege kuukuu lazima iwe na madoa.

Halafu nani anayeangalia nguo ya ndege? Mwanamume anaangalia mkia, injini na mabawa. Nguo ni mambo ya wanawake.

Nimeipa jina Lambrecht-Dupuis, ya Ubelgiji, 1932. Ina urefu wa mkono wangu. Ni nzuri mno. Nimeizungusha chumbani mara kadhaa nikitoa sauti ya injini kwa mdomo, mpaka jirani amegonga ukuta akiuliza kama naumwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Kibuli, kwa Siraje mpiga picha. Siraje anajua kuzeesha picha kwenye kompyuta. Akishaigusa, picha ya jana inaonekana ya babu. Nimepanda kilima nimeshika ndege chini ya shuka. Bodaboda alidhani nimebeba maiti ya paka, akakataa kuongea nami njia nzima.

Tumeiweka kwenye nyasi nyuma ya nyumba yake. Siraje amelala kifudifudi ili ndege ionekane kubwa dhidi ya anga. Mara tu alipolala, mvua. Tukaingia ndani. Mvua ikaisha. Akalala tena. Akaja kuku wa mama yake, mwekundu, mwenye kiburi, akasimama nyuma ya bawa. Nikamfukuza, akarudi. Siraje akamrushia kiatu, kiatu kikampata rubani. Nikamfunga rubani upya. Kuku akarudi na wenzake. Mwisho Siraje akasema tupige hivyo hivyo, kuku atamfuta kwenye kompyuta, yeye amewahi kumfuta bwana harusi mzima.

Picha imetoka. Nyeusi na nyeupe, kingo zimechakaa, anga lina mikwaruzo. Kama si mimi niliyefunga vile vifuniko vya soda, ningeapa kwamba Wabelgiji walikufa ndani yake. Siraje ameniuliza ni ya kazi gani. Nimemwambia ni ya utafiti.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijauza kitu. Mteja ameniuliza bei ya kitenge cha samaki, nimemjibu mwaka 1955.

Chakula cha mchana kwa Mama Benedicte. Ameniongezea sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, bila mimi kuomba. Akakaa mezani kwangu. Mezani kwangu! Akaniuliza nitajisikiaje kurudi hewani baada ya muda mrefu. Nikamwambia kwamba mwili hausahau. Nikamwambia jinsi masikio yanavyoziba, jinsi miti inavyokuwa kama sukuma wiki, jinsi nilivyowahi kumshikia rubani usukani juu ya Walikale alipokuwa anapiga chafya. Hilo la chafya limekuja lenyewe, sijui limetoka wapi. Ameniambia mimi ni mtu wa ajabu. Amewahi kupanda mara moja tu, siku alipotoka Bukavu, akafumba macho njia nzima, na mpaka leo anajuta kwamba hakuangalia chini.

Baadaye nimefanya mazoezi ya kushuka kwenye ndege. Nimetumia meza. Mguu wa kulia kwanza, mkono mmoja hewani, tabasamu. Meza imevunjika. Goti limevimba kidogo, lakini tabasamu liko tayari.

Nikiwa natoka kununua gundi ya meza, ndege imepita juu ikielekea Entebbe. Nimesimama katikati ya barabara nimekodoa macho. Waliopiga honi wamepiga, waliotukana wametukana. Nakitaka hicho kiti. Hata nisipojisifia kwa mtu yeyote, nataka kuona Kyebando kutoka juu na kusema, kumbe ndivyo inavyoonekana.

Sawa, na kujisifia pia.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia. Msinigongee.

Mkahawa ulijaa. Taban alikuja, wake kwa waume wa kambini walikuja, nusu ya kwaya ya kanisa letu ilikuja. Nilivaa shati jeupe. Afande Odur alivaa beji zake zote. Nyuma yake akaingia Mama Rosalba, na gauni jipya limemkaa hasa. La njano, mabirika ya bluu, mabega juu. Wanawake wote wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi! Nikajisifu moyoni kwa kuchagua kitambaa kizuri. Wala sikuwaza zaidi ya hapo. Hivi kichwa changu kina nini ndani?

Odur alianza. Mama Benedicte akaweka picha yake juu ya meza. Kabla haijatulia nikasimama nikapiga kelele: Twin Pioneer, 1955, nilikutana nayo Beni, ilileta chumvi!

Watu wakaangua kicheko. Nikaangalia picha. Mkia mmoja. Paji la uso kubwa. Carvair! Naijua kama sura ya mama yangu! Nilimgeukia Rosalba kwa macho ya kuuliza. Akanijibu kwa mabega. Baadaye ameniambia kwamba nilimuuliza mume wake anataja nini, naye akanijibu anaimba nini. Sikumuuliza ataleta nini.

Sawa. Bado nilikuwa na silaha yangu. Odur akishindwa, tungebaki sawa, na tungeanza upya. Nikaweka Lambrecht-Dupuis mezani.

Odur aliinama. Akavaa miwani. Akavua. Jasho likamtoka kwenye pua. Nilifurahi jamani! Nilifurahi mpaka vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Hapo ndipo nami nikaiangalia picha vizuri kwa mara ya kwanza. Siraje alikuwa amemfuta kuku. Mguu mmoja ulikuwa umebaki. Umesimama chini ya bawa la kushoto, na kucha zake zote.

Odur naye akauona. Uso wake ukang'aa. Akasimama wima kama yuko mbele ya jenerali, akasema kwa sauti ya gwaride, “Hii ndege mimi najua mzuri sana! Blackwell Pelican, 1929, ya Muingereza. Ona hii mguu ya katikati. Ni ya kutua kwa matope. Ilitua Gulu, mimi nikiwa mutoto mudogo, nikashika yeye na hii mkono!”

Watu wakapiga makofi! Ndege yangu! Ndege niliyoijenga kwa chujio la chai, na huyu mtu ameishika Gulu! Nikaruka juu. Nikasema hakuna kitu kama Blackwell Pelican, hii ni Lambrecht-Dupuis ya Ubelgiji, 1932, na mimi nilikutana nayo Butembo, nyuma ya ghala la kahawa. Odur akasema Butembo ilifika imechakaa, baada ya Gulu. Nikasema Gulu haikufika kabisa. Akasema anakumbuka mpaka harufu yake. Nikasema harufu ipi, akasema ya majani ya chai, kwa sababu ilikuwa inabeba chai ya Kenya, na ndiyo maana mabawa yake yamechorwa alama za birika. Akaweka kidole juu ya picha, mbele ya kila mtu. Moja, mbili, tatu, mabirika!

Laiti angenyamaza hapo.

Mama Rosalba aliposikia neno birika alisimama. Akaja mezani taratibu, akaichukua picha, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu. Akaangalia kifua chake. Akaangalia picha. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu anayeuliza chumvi, “Lakini hii si ndege. Hii ni gauni yangu.”

Nani alisema kwamba nguo ya ndege haiangaliwi? Wanawake wote wakasogea! Wakamgeuza Rosalba huku na huku, wakalinganisha. Mmoja akaonyesha kwamba mvuke unatoka kwenye mdomo wa birika upande ule ule. Mwingine akasema rangi ya nyeusi na nyeupe haimdanganyi mtu aliyekwisha kuvaa kitenge. Mwimbaji mmoja wa kwaya akauona mguu wa kuku, akasema ni wa kuku wa kienyeji, si wa kizungu. Kicheko kikaanza kwa Taban na kikaenda mpaka barabarani. Watu walishikilia kuta. Benchi moja lilianguka na waliolikalia.

Odur peke yake hakucheka. Alimuuliza mke wake gauni limetoka wapi. Mama Rosalba si mtu wa maneno mengi, lakini akiulizwa anajibu. Akaeleza yote: Owino, yadi sita, upendo wa jirani, na kuoga. Odur akaniuliza kwa uchungu kama kweli nimepeleleza mpaka bafuni kwake. Nami nikamuuliza yeye ule mkono ulioshika gauni la mke wake Gulu akiwa mtoto ni upi. Akakaa chini.

Mama Benedicte akagonga sufuria kwa mwiko. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Akasema, “Papa Guerschom, bongo. Afande, bongo. Wote wawili bongo mutupu.” Kwetu bongo ni uongo. Akasema sheria ni jina, mwaka na mahali, na mlengwa akishindwa yeyote aliyepo anaweza kujibu. Akamgeukia Rosalba akamuuliza jina. Rosalba akasema: Mgeni Hajaaga. Mwaka? Huu huu. Ulikutana nayo wapi? Owino, kwa Guerschom, Jumanne.

Majibu matatu, yote ya kweli. Kiti kimeenda kwa Mama Rosalba.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikuwa nimeapa siendi. Nimeenda. Mama Benedicte mwenyewe alinigongea, akasema nisikae ndani kama yai. Akasema hata hivyo ndege yangu ilikuwa nzuri. Nzuri! Nimeoga mara mbili.

Auster ilikuwa imesimama kwenye majani, ndogo, nyekundu na nyeupe, bawa juu. Jamani. Picha hazisemi kitu. Ina harufu! Petroli, ngozi, na nguo iliyopakwa rangi. Nimeigusa kidogo tu kwa kidole wakati Taban ameangalia kando. Ilikuwa ya moto kwa jua.

Mama Rosalba alikuja na gauni lake la mabirika na miwani mikubwa ya rubani. Akakumbatia kila mtu kama anayehamia Ulaya. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika! Kofia ya mchungaji wa kanisa letu ikaruka. Ndege ikakimbia, ikadunda, ikadunda, halafu haikudunda tena. Imepanda! Sote tukapiga kelele, tukakimbia nyuma yake kwenye majani na magoti yetu mabovu. Mimi nilikuwa wa mbele. Machozi yamenitoka, na nikiulizwa nitasema ni vumbi.

Amerudi anacheka peke yake. Akasema ameiona Kampala yote, akaona vilima vimekaa kama wanawake sokoni, akaona paa lake na nguo alizosahau kuanua. Kila mtu alimgusa kana kwamba ameleta baridi ya huko juu.

Halafu! Yule mzee wa Nairobi alifurahi mno hata akasema mafuta yanatosha mzunguko mwingine mfupi. Taban akapanda juu ya ngazi akatangaza kwamba ni haki kumpa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege maishani. Akauliza: nani hajawahi?

Moyo wangu! Mkono wangu ulianza kwenda wenyewe. Niliuona unapita kiunoni, unapita kifuani, umeshafika begani. Mama Benedicte, aliyesimama pembeni yangu, akanishika kiwiko na kumwambia Taban kwa furaha, tena kwa fahari, “Huyu hapana! Huyu amechoka na ndege!”

Watu wote waliniangalia. Mkono ulikuwa juu. Nikajikuna kichwa.

Na nani alinyoosha mkono? Afande Odur! Yote miwili! Huku amesimama kwenye vidole kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni. Mtu akamuuliza ile ya kusinzia kwenye Gemini ilikuwaje. Akasema, mbele ya umati, kwamba jeshini alikuwa mtunza stoo ya mablanketi. Amepakia mablanketi kwenye kila aina ya ndege. Mablanketi yameruka. Yeye alikuwa anabaki.

Nilimwangalia. Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumng'ata.

Amepanda. Ameshuka analia wazi wazi, beji zinalia naye, amemkumbatia mke wake, rubani, na mimi. Akaninong'oneza kwamba miti kweli inakuwa kama sukuma wiki. Mama Benedicte amecheka sana, amemsamehe palepale, amemmiminia chai ya kwanza kutoka kwenye thermosi. Kila mtu alimpenda Odur leo. Kwa sababu gani? Kwa kusema tu kwamba hajawahi!

Njiani kurudi Mama Benedicte amekaa karibu nami. Ameniambia kwa kuwa sasa ameona jinsi ilivyo, angependa sana kuona picha yangu nikiwa ndani ya ndege mojawapo, zile za Walikale. Nikasema zipo. Akasema Jumamosi basi. Nikasema Jumamosi.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi njema. Wanawake wamejaa kibandani kabla sijafungua. Wote wanataka cha mabirika. Lakini hakuna anayekiita Mgeni Hajaaga tena. Wanasema, nipe yadi sita za Ndege ya Guerschom. Jora mbili zilizokuwa stoo zimekwisha kabla ya saa sita. Mmoja ameniuliza kama mguu wa kuku unauzwa pembeni.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, bila jazba. Nilikosea wapi? Nimepitia jambo zima tangu mwanzo mpaka mwisho, na jibu liko wazi kabisa. Kitambaa! Kila kitu kingine kilikuwa sawa.

Kwa hiyo nimeshampigia Siraje. Ndege mpya, kubwa zaidi, kiasi cha kichwa na mabega yangu kutokea dirishani. Fito nimenunua. Ngao ya propela ni mfuniko wa sufuria. Safari hii hakuna mabirika, hakuna maua, hakuna mchezo. Nimechagua kitambaa cheupe chenye mistari myembamba ya bluu, ambayo kwenye picha haitaonekana hata kidogo. Kuku nitamfunga mwenyewe.

Mama Rosalba amepita jioni, kusalimia tu. Bahati mbaya amenikuta na fito mkononi na kichwa kimekwama kwenye dirisha la ndege. Ameniuliza ni nini. Ikabidi nimwambie. Nimemsihi sana asimwambie Mama Benedicte, naye amesema yeye si mtu wa maneno mengi. Ni mwanamke mwema kweli. Ili nimshukuru, nimemkatia yadi sita za hicho hicho cheupe, na amesema fundi atakuwa amekimaliza kabla ya Jumamosi.